Abu Zayd al-Balkhi: Mwalimu wa watoto aliyeutambua ugonjwa wa wasiwasi miaka 1,100 iliyopita

Na MWANDISHI WETU

MTOTO wa miaka minane amechutama kando ya mtungi wa maji katika ua wa nyumba yao mjini Garissa. Adhana ya alfajiri imekwisha kusikika, baba ametangulia msikitini na ndugu zake wote wamemaliza kutawadha. Yeye angali anaosha mkono ule ule wa kulia kwa mara ya 10, kisha anaanza upya kwa sababu moyo unamwambia kwamba kiwiko hakikupata maji.

Mtoto huyu hatumpi jina kwa kuwa si mmoja. Mzazi au mwalimu wa duksi aliyewahi kuishi naye, awe Garissa, Wajir au Mandera, atamtambua mara moja.

Katika mji ambao maji ya Mto Tana huuzwa nyumba kwa nyumba kwa mikokoteni ya punda, mtungi wa lita 20 si kitu cha kumwagwa ovyo. Ndiyo maana hasira huwahi kabla ya huruma. Wapo watakaosema mtoto ni mkaidi na dawa yake ni kiboko. Wapo watakaomsifu kwa uchaji Mungu uliozidi umri wake. Wengine watanong'ona kwamba ameingiwa na jini.

Hukumu zote tatu humwacha mtoto peke yake na mateso yake. Hajui kueleza kinachomsumbua, na kila anapokemewa au kusifiwa, huongeza bidii ya kuosha.

Lugha yetu ina neno la hali hii, nalo ni wasiwasi. Wasomali huita waswaas, na sote tulilipokea neno hilo kutoka kwa Waarabu. Lakini ni wachache wanaofahamu kwamba msomi mmoja wa Kiislamu aliiandikia hali hiyo sura nzima ya kitabu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, akiihesabu kuwa maradhi yanayohitaji matunzo, wala si aibu ya kufichwa.

Msomi huyo ni Abu Zayd Ahmad bin Sahl al-Balkhi. Kabla ya kuwa mwanafalsafa, mwanajiografia na katibu wa mtawala, alikuwa mwalimu wa watoto.

Mwana wa mwalimu

Al-Balkhi alizaliwa mnamo mwaka 850 katika kijiji cha Shamistiyan, karibu na mji wa Balkh, katika eneo ambalo leo ni kaskazini mwa Afghanistan. Zama hizo Balkh ulikuwa miongoni mwa miji mikuu ya Khurasan, jimbo pana la mashariki mwa himaya ya Waislamu.

Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Sijistan aliyejipatia riziki kwa kufundisha watoto. Kijana naye akarithi kazi hiyo. Waandishi wa maisha yake wanakubaliana kwamba riziki yake ya kwanza ilitokana na kufundisha wavulana, kazi ambayo haikuwa na heshima kubwa mbele ya wakuu wa wakati huo.

Wanamsifu kwa umbo la wastani, mwili mwembamba, rangi ya maji ya kunde na macho yaliyotokeza. Uso wake ulikuwa na makovu ya ndui. Tena alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye haya na utulivu.

Ni vyema kuikumbuka sura hii ya mtu mkimya, aliyebeba usoni alama za ugonjwa alioponea. Huenda ndiyo inayoeleza kwa nini, alipokuja kuandika juu ya maradhi ya nafsi, hakuandika kwa sauti ya mtu anayewadharau wagonjwa.

Kwa miguu hadi Iraq

Akiwa bado kijana, elimu ya Balkh ilimwonea ufinyu. Aliungana na msafara wa mahujaji uliokuwa ukielekea magharibi, akatembea kwa miguu hadi Iraq. Huo ni mwendo wa maelfu ya kilomita, kupita majangwa na milima ya Uajemi.

Aliishi Iraq kwa miaka minane. Baghdad wakati huo ilikuwa kitovu cha elimu ulimwenguni, ambako vitabu vya Wayunani, Waajemi na Wahindi vilikuwa vikifasiriwa kwa Kiarabu. Inasimuliwa kwamba huko alisoma kwa al-Kindi, mwanafalsafa mashuhuri aliyefariki mnamo mwaka 873.

Katika miaka hiyo aliingia katika falsafa, tiba, elimu ya nyota na maumbile, sambamba na elimu ya dini. Alizama pia katika mabishano ya madhehebu, na inasemekana alihama kutoka mtazamo mmoja hadi mwingine kabla ya kutulia.

Aliporejea Balkh kupitia Herat hakuwa tena mwalimu wa kijijini tu. Umahiri wake wa lugha ulimfanya baadaye aitwe al-Jahiz wa Khurasan, akilinganishwa na mwandishi mkubwa wa Basra aliyefariki mwaka 869.

Kalamu yake haikupumzika. Orodha za wasomi wa kale zinamhesabia vitabu vipatavyo 60, vikiwemo vya tafsiri ya Kurani, siasa, falsafa na fasihi. Vingi vimepotea.

Kimoja kati ya vilivyopotea kilikuwa cha ramani za dunia. Hata hivyo, wanajiografia waliomfuata, hususan al-Istakhri na Ibn Hawqal, waliijenga kazi yao juu ya msingi wake. Ndiyo maana kundi hilo la wanajiografia hadi leo huitwa kwa jina la Balkhi. Katika ramani zao ilikuwemo nchi ya Zanj, yaani pwani hii yetu ya Afrika Mashariki.

Aliyekataa uwaziri

Mnamo mwaka 918 hivi, mkuu wa kijeshi aitwaye Ahmad bin Sahl, ambaye kwa sadfa jina lake lilifanana na la msomi huyu, alishika utawala wa Khurasan. Alimtaka Abu Zayd awe waziri wake.

Abu Zayd alikataa. Cheo hicho alipewa rafiki yake wa tangu utotoni, mwanatheolojia Abu al-Qasim al-Balkhi, naye akaridhika na kazi ya ukatibu. Simulizi zinaeleza kwamba waziri huyo aliagiza sehemu ya mshahara wake mwenyewe ikatwe kila mwezi na kuongezwa katika ule wa katibu wake.

Utawala huo haukudumu. Mtawala wao aliwaasi mabwana zake wa ukoo wa Wasamani, akashindwa vitani na kufia gerezani Bukhara mwaka 920. Lakini kwa mapato ya kipindi hicho Abu Zayd alijipatia shamba katika kijiji alichozaliwa, na ndiko alikopenda kurudi.

Hakukosa maadui. Wakubwa wawili waliokuwa wakimpa ruzuku walimkatia msaada baada ya kuchukizwa na vitabu vyake viwili vya dini. Wengine walimtuhumu kwa upotofu wa imani. Aliyesimama kumtetea ni yule yule Abu al-Qasim, aliyesema kwamba anamjua kuliko watu wote kwa kuwa walikua pamoja, na kwamba mwenzake amedhulumiwa.

Hofu ya mto

Kisa kimoja cha maisha yake kinastahili kusimuliwa kwa urefu, hasa kwa wakazi wa ukingo wa Tana.

Amiri wa Khurasan alimwita Bukhara ili anufaike na ushauri wake. Abu Zayd alifunga safari hadi Mto Jayhun, ambao leo huitwa Amu Darya. Alipofika ukingoni na kuuona upana wa maji na mawimbi yake, alisimama.

Hakuvuka. Alimwandikia amiri kwamba ikiwa ameitwa kwa sababu ya busara yake, basi busara hiyo hiyo ndiyo inayomkataza kupanda chombo katika mto ule, na akiuvuka itakuwa dalili kwamba hana busara ya kumfaa mtu. Amiri alifurahishwa na jibu hilo, akamruhusu arejee Balkh.

Mkazi wa Garissa hatamcheka. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoifunika barabara ya kuelekea Nairobi katika eneo la Mororo, abiria walilazimika kuvushwa kwa mashua. Moja ilipinduka na kuua watu. Hofu ya mto si jambo la kubuni.

Lakini kisa hicho kina funzo jingine. Mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Balkh hadi Iraq, aliyejua falsafa na tiba, alisimama mbele ya maji na moyo wake ukagoma. Hakujifanya shujaa. Aliyeandika juu ya hofu na wasiwasi aliwahi kuionja hofu yeye mwenyewe, na hakuna aliyemwambia kwamba imani yake ni haba.

Kitabu cha mwili na nafsi

Kati ya vitabu vyake vilivyosalia, muhimu zaidi kwa mada yetu ni kile kiitwacho kwa Kiarabu Masalih al-Abdan wa al-Anfus, yaani yenye kuufaa mwili na nafsi. Kimegawanywa mara mbili. Sehemu ya kwanza, yenye sura 14, inahusu afya ya mwili: makazi, hewa, maji, chakula, usingizi, mazoezi na mengineyo. Sehemu ya pili, yenye sura nane, inahusu afya ya nafsi.

Sababu ya kukiandika aliieleza waziwazi. Matabibu wa wakati wake walishughulikia mwili na kuisahau nafsi, ilhali mtu anaweza kupitisha miaka bila homa lakini hawezi kupitisha siku nyingi bila huzuni, hasira au woga. Kwa maoni yake, mwili ukiugua nafsi hudhoofika, na nafsi ikiugua mwili hukosa raha. Kutibu kimoja na kukiacha kingine ni kazi nusu.

Aliyagawa maradhi ya nafsi katika mafungu manne makuu, nayo ni hasira, hofu, huzuni na wasiwasi. Huzuni aliigawa tena, akitenganisha ile yenye sababu inayojulikana, kama msiba, na ile inayomshika mtu bila sababu anayoiona.

Katika hofu alitoa mfano ambao hausahauliki kwa urahisi. Mgeni asiyewahi kuona ukungu, alisema, huudhania kuwa kitu kizito kisichopitika. Akijitia moyo na kuingia ndani yake, hukuta ni hewa yenye unyevu tu, isiyotofautiana sana na ile aliyokuwa akiivuta. Alishauri mwenye hofu ajizoeze kukikaribia kidogo kidogo kile anachokiogopa, tena na tena, hadi nafsi ikizoee.

Alihimiza pia kujiwekea akiba ya mawazo mema wakati wa utulivu. Kama vile mwenye nyumba mwangalifu anavyoweka dawa kabla ya ugonjwa kubisha hodi, ndivyo mtu anavyopaswa kuwa na maneno ya kujituliza kabla dhiki haijamfika.

Sura ya wasiwasi

Sura ya nane na ya mwisho aliiacha kwa wasiwasi. Aliueleza kuwa ni mawazo yasiyo na msingi wa kweli, yanayorudi bila kuitwa na kumtia mtu woga wa jambo baya analodhani linakaribia. Humnyima starehe, humzuia kufanya kazi zake, na hata akizungumzishwa na mwenzake, fikra zake ziko kwingine.

Kuhusu chanzo, alitaja njia mbili zilizojulikana zama zake. Ya kwanza ni maumbile ya mwili, ambayo matabibu wa wakati huo waliyahusisha na nyongo nyeusi. Ya pili ni mnong'ono wa shetani. Hakuibishia dini wala hakuidharau tiba. Jambo kubwa ni kwamba hakuishia kwenye chanzo. Alikwenda moja kwa moja kwenye msaada.

Msaada huo aliupanga katika mambo mepesi kueleweka. Mgonjwa asiachwe katika upweke, kwa kuwa wasiwasi hustawi mtu anapokuwa peke yake. Apewe shughuli na burudani halali zitakazoijaza akili yake. Atafute mtu anayemwamini, amweleze yanayomsumbua, na akubali kwamba mizani ya mwenzake ni sawa kuliko yake katika jambo hilo. Pia ajifunze kuyajibu mawazo hayo kwa mawazo mengine, akijikumbusha kwamba watu wengi wanaishi salama bila kuyaogopa anayoyaogopa yeye.

Aliwapa wagonjwa tumaini pia, akishikilia kwamba Mwenyezi Mungu hakuumba ugonjwa ila aliujalia dawa, na maradhi ya nafsi hayatoki katika kanuni hiyo.

Wasomi waliokuja baadaye, kama Ibn al-Jawzi na Ibn Qudama, waliukemea wasiwasi katika udhu na sala kwa mtazamo wa dini. Al-Balkhi aliutazama kama tabibu anavyotazama kidonda.

Karne nyingi rafuni

Abu Zayd alifariki mwaka 934, sawa na mwaka 322 wa Hijria, akiwa na umri uliopita miaka 80. Kitabu chake kilibaki katika nakala za mkono, na kwa karne nyingi wachache mno walikifungua.

Nakala iliyohifadhiwa Istanbul ilipigwa chapa kwa picha mjini Frankfurt mwaka 1984. Mwaka 2013 mwanasaikolojia Malik Badri wa Sudan, aliyefariki mwaka 2021, alichapisha tafsiri ya Kiingereza ya sehemu ya nafsi. Mwaka 2015 watafiti Rania Awaad na Sara Ali wakailinganisha sura ya wasiwasi na vigezo vinavyotumiwa na madaktari wa Marekani kuutambua ugonjwa unaojulikana kwa kifupi kama OCD. Walikuta mengi yanalingana.

Tiba inayotumika leo kwa ugonjwa huo ina undugu na ushauri wake juu ya hofu. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer wa London aliripoti njia ya kumkabilisha mgonjwa na kinachomtia wasiwasi huku akisaidiwa kujizuia kurudia kitendo cha kujituliza. Njia hiyo imeboreshwa na kuwekewa utaratibu wa watoto. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2004, uliohusisha watoto na vijana 112 wenye umri wa miaka 7 hadi 17, ulionyesha kwamba tiba ya mazungumzo na mazoezi ya aina hiyo pamoja na dawa ilileta nafuu kubwa kuliko dawa peke yake.

Turudi uani Garissa

Tukirudi kwa mtoto tuliyemwacha kando ya mtungi, maisha ya mwalimu huyu wa Balkh yana faida gani kwake?

Kwanza, mtoto apewe jina la kinachomsumbua. Aambiwe kwamba huo ni wasiwasi, ni ugonjwa, na yeye mwenyewe si mbaya. Wataalamu wa leo huwashauri wazazi wautenge ugonjwa na mtoto, kana kwamba ni mgeni msumbufu aliyeingia nyumbani, ili mama, baba na mtoto wawe upande mmoja dhidi yake. Kiboko huwaweka pande mbili, na hofu ya kiboko huongeza wasiwasi.

Pili, mzazi awe mwangalifu na jibu lake. Mtoto atauliza kama mkono umetakata, na mama atamwambia umetakata. Baada ya dakika mbili atauliza tena. Kila jibu humtuliza kitambo kidogo kisha hulisha swali linalofuata. Ni bora kumwambia kwa upole kwamba hilo ni swali la wasiwasi, tumekwisha kulijibu, na sasa tunakwenda kunywa chai. Vivyo hivyo kwa ndugu wanaomchotea maji zaidi au kumrudia maneno ili anyamaze. Wanamsaidia mgeni msumbufu bila kujua.

Tatu, mabadiliko yaende hatua kwa hatua. Anayeosha mkono mara 10 hawezi kuamriwa kesho aoshe mara moja. Mzazi na mtoto wakubaliane juu ya mara nane wiki hii, kisha sita, hadi zifike tatu. Maji yapimwe katika birika moja dogo, na yakiisha udhu umeisha. Moyo utapiga kwa kasi na mtoto atalia, lakini akivumilia atagundua kwamba wasiwasi hushuka wenyewe bila kuoshwa. Ndio ule ukungu wa al-Balkhi, ambao ukiingiwa huonekana kuwa hewa. Juhudi yake isifiwe kila hatua, hata kama hakufaulu kikamilifu.

Nne, mwalimu wa duksi ana nafasi ambayo daktari hana. Mtoto huyu anaogopa kumkosea Mungu, na neno la mwalimu wake lina uzito. Amfundishe kwamba kuosha mara tatu ndiyo ukomo wa sunna, kwamba dini inakataza israfu ya maji hata kwenye mto unaotiririka, na kwamba kwa kanuni ya mafakihi yakini haiondolewi na shaka. Dini iliyoruhusu kutayamamu kwa udongo pasipo na maji haikukusudia kumtesa mtoto kwa maji. Lakini mwalimu aliseme hilo mara moja kwa uthabiti, asigeuzwe kuwa mtu wa kuulizwa fatwa ile ile kila baada ya sala.

Si kila wasiwasi unahusu udhu. Mtoto mwingine hukagua mlango usiku kucha, mwingine huhesabu hatua, mwingine huteswa na mawazo ya kutisha kwamba mama yake atakufa asipogusa ukuta mara nne. Njia ya kumsaidia haitofautiani sana. Inakadiriwa kwamba kati ya mtoto mmoja na watatu katika kila 100 hupatwa na ugonjwa huu.

Wala si kila mtoto mwenye mazoea ni mgonjwa. Wengi hupenda kulala na blanketi lile lile au kupanga viatu kwa namna moja. Dalili ya ugonjwa ni pale vitendo vinapokula zaidi ya saa moja kwa siku, vinapomchelewesha shule au duksi, vinapomchubua ngozi ya mikono au kumnyima usingizi.

Hapo msaada wa kitaalamu unahitajika. Ni kweli kwamba kwa familia nyingi za Kaskazini Mashariki jina linalojulikana ni Hospitali ya Mathari iliyoko Nairobi, takriban kilomita 370 kutoka Garissa na mbali zaidi kutoka Mandera. Hata hivyo, hatua ya kwanza ni kumwona mhudumu wa afya wa karibu au kufika katika hospitali ya rufaa ya kaunti na kueleza dalili bila kuzificha. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya ilifanyiwa marekebisho mwaka 2022 kwa lengo la kuzisogeza huduma hizi katika kaunti, na mzazi ana haki ya kuziulizia. Iwapo mtoto anakataa chakula au anasema anataka kujidhuru, asisubiriwe hata siku moja.

Kisomo na dua havikatazwi. Familia inayomsomea mtoto wake inampa faraja, na al-Balkhi mwenyewe hakuitenganisha tiba na imani. Kinachokatazwa ni kumfunga kamba, kumchapa au kumchoma kwa madai ya kumtoa jini, na kumficha ndani majirani wasimwone. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua.

Kwa watu wa Balkh, Abu Zayd alikuwa katibu aliyekataa uwaziri na msomi aliyeogopa mto. Vitabu vyake vingi viliangamia, na hata ramani zake tunazijua kupitia kwa wengine. Lakini sura yake ile fupi ilisalia, na inatoa ushauri ambao hauhitaji dawa ya gharama wala safari ya mbali ili kuanza kuutumia, nao ni kwamba mwenye wasiwasi asiachwe peke yake.

Kesho alfajiri, mzazi wa Garissa anaweza kuanzia hapo. Badala ya kusimama mlangoni na kukemea kwamba maji yanaisha, achutame kando ya mtoto na birika moja dogo, watawadhe pamoja, wamalize pamoja, kisha wamshike mkono waende naye kusali.